Mabweni Manne ya Mwalimu Kipkurui

Ifahamike kwa wote, walio hapa Merigi na walio mbali ambako chai yetu hunywewa bila mtu kuuliza imetoka kilima gani, kwamba tangu kompyuta zianze kuwashwa duniani hayajafanyika mageuzi makubwa kuliko yale yaliyofanywa na Aluoch, binti ya Dorcus, Jumanne moja ya likizo ya Agosti, kati ya saa nne na saa tano asubuhi.

Mageuzi hayo yalidumu siku nne. Mbili za kwanza hakuna aliyeyaona, maana kompyuta yenyewe hufunikwa kwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni, na juu ya kitambaa hulala paka.

Aluoch alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo haitatajwa hapa, kwa kuwa shule hiyo nayo haipendi kumtaja Aluoch. Alikuwa msichana mtulivu, mwenye nidhamu, anayependwa na walimu wake wote. Mama yake, Dorcus, alitoka upande wa ziwa akaajiriwa karani katika ofisi ya kiwanda cha chai, na kwa miaka sita walikuwa wamepanga vyumba viwili katika boma la Mwalimu Alexander Kipkurui. Huyu alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi, lakini kustaafu kwenyewe hakukumwingia vizuri: bado alitembea na kalamu nyekundu mfukoni, na akikuta tangazo lenye makosa kwenye ukuta wa duka, alilisahihisha.

"Aluoch," Mwalimu aliita Jumanne hiyo kutoka mlangoni, kikapu cha majani chai mgongoni. "Wewe si unasoma kompyuta huko shule?"

"Nasoma, Mwalimu. Nilipata A."

"A ya kuandika ama A ya kushika?"

"Zote mbili."

"Basi angalia hii yangu. Imekuwa nzito, inaamka polepole kama mimi. Toa takataka yake. Lakini watu wangu usiwaguse."

Watu wake walikuwa ndani ya kompyuta. Kwa miaka tisa Mwalimu alikuwa akiwatembelea wazee wa Merigi, na wengine hadi Londiani na Siongiroi, anaweka simu mezani, anabonyeza kitufe cha kurekodi, kisha anauliza: ukoo wenu ulitoka wapi, nani alioa kwa nani, nani alihama mwaka wa nzige. Akirudi nyumbani aliwahamishia kwenye kompyuta na kuwafungulia folda. Aluoch alimwondoa paka, akaiwasha, akazitazama folda hizo, na mdomo ukabaki wazi.

Zilikuwa sitini na tatu. Moja iliitwa *Ng'ombe Wakirudi*. Nyingine *Asubuhi ya Ukungu*. Palikuwa na *Mvua ya Mawe*, na *Wageni Wawili Kutoka Londiani*, na *Nikiwa na Homa*, na *Siku ya Kura, Foleni Fupi*, na moja iliyoitwa tu *Paka Amezaa*.

"Mwalimu, hii ni nini? Hakuna mwaka, hakuna jina la mtu. Utajuaje kilicho ndani?"

Mwalimu alishusha kikapu. Swali zuri lilimfanya asahau uzito.

"Wewe unaitwa nani?"

"Aluoch."

"Kwa nini?"

"Nilizaliwa kukiwa na mawingu."

"Na mjomba wako yule wa kiwandani?"

"Okoth. Yeye ni mvua."

"Kwetu angekuwa Kiprop. Mtoto anapewa jina la vile dunia ilikuwa siku anafika. Na hiyo folda pia ilifika siku fulani. Ulitaka niiite nini?"

"Kompyuta huipa jina yenyewe. Folda Mpya."

"Na ya pili?"

"Folda Mpya Mbili."

Mwalimu alimtazama kwa huruma. "Basi mama yako angekuita Mtoto Mpya, aendelee na kazi." Akabeba kikapu chake, akashika njia ya kibanda cha kupimia majani, na alipopita nyuma ya ua alisikika bado akicheka.

Yawezekana kicheko hicho ndicho kilichofanya mambo kuwa mabaya. Mtu aliyepata A hapendi kuchekwa na mtu anayeandika *Paka Amezaa*.

Shule ya bweni humfundisha mtu jambo moja zaidi ya yote, nalo ni kwamba kila kitu kina namba: kitanda kina namba, sanduku lina namba, hata kijiko cha mtu kimechorwa namba kwa msumari. Aluoch alizitazama zile folda sitini na tatu kama mkuu wa shule anavyotazama wanafunzi waliochomoa shati. Akafungua folda nne mpya. Akaziita Bweni la Mashariki, Bweni la Magharibi, Bweni la Kaskazini na Bweni la Kusini. Kisha akawatoa wazee wote kwenye nyumba zao, mmoja baada ya mwingine, na kuwapanga mabwenini. Rekodi zilikuwa mia nne na kumi na mbili, nazo zote zilibeba majina ya simu tu, *Sauti 0001*, *Sauti 0002*, na kuendelea. Kila bweni likapata mia moja na tatu, bila hata mmoja kulala sakafuni. Rekodi ndefu kuliko zote katika kila bweni aliifanya kiranja. Zile folda sitini na tatu, zikiwa tupu sasa, alizitupa kwenye pipa la kompyuta.

Ulikuwa mzaha. Hilo lieleweke vizuri. Mpango ulikuwa kwamba Mwalimu arudi, aone mabweni, apige yowe, kisha Aluoch abonyeze hapa na pale na kurudisha kila mtu kwake, wacheke pamoja, wanywe chai.

Lakini stima ikapotea. Ikapotea vile inavyopotea kwetu, bila kuaga, na iliporudi pipa lilikuwa limemwagika na kompyuta haikukumbuka lolote. Majina sitini na matatu hayakuwepo tena popote. Aluoch aliifunika kompyuta kwa kitambaa, akamrudisha paka juu yake, akaenda kusaidia kuchambua mboga kwa bidii ambayo ilimshangaza hata mama yake.

*

Alhamisi neno lilifika kutoka Siongiroi.

Chepchirchir, kitinda mimba wa Mwalimu, alikuwa muuguzi katika zahanati, na Jumamosi hiyo watu wa Antony, mchumba wake, walikuwa waje kwa mazungumzo ya ndoa. Ugali wa wimbi ulikuwa umepangwa, maziwa ya mursik yameshawekwa kwenye vibuyu yagande tangu wiki iliyopita. Sasa mjomba wa Antony, Mzee Chepyegon, alipiga simu. Alisema kwa upole, lakini alisema: yuko mtu anayekumbuka kwamba babu yake Antony, marehemu arap Ng'eno, alikulia huku Merigi, tena katika ukoo uleule wa Mwalimu. Ikiwa ni kweli, Antony na Chepchirchir ni wa ukoo mmoja. Ni kaka na dada. Watu wa Siongiroi wangekuja Jumamosi, wangekunywa chai, wangeomba radhi, wangerudi kwao.

Mwalimu hakushtuka. "Kogo Tapkigen alinieleza habari za huyo arap Ng'eno," alisema. "Nyanya huyo alijua kila mtu. Hayupo tena, lakini niko naye ndani. Ni ile ya *Mvua ya Mawe*."

Akakaa mbele ya kompyuta, akavaa miwani, akamwondoa paka. Akatafuta juu, akatafuta chini.

"Aluoch!"

"Naam, Mwalimu."

"Watu wangu wameenda wapi?"

"Wako hapo wote, Mwalimu. Mia nne na kumi na wawili."

"Nani amewapanga hivi?"

Aluoch alimtazama paka. Paka akatazama pembeni. "Ni stima. Ikipotea ghafla, kompyuta inajipanga upya. Inajilinda."

"Inajilinda kwa mabweni?"

"Za siku hizi, ndio."

Mwalimu alisogeza kiti karibu. Alifungua Bweni la Mashariki na kuanza kumtafuta Kogo Tapkigen. Tatizo ni kwamba nyanya huyo alikuwa mzungumzaji. Alirekodiwa mara tisini au zaidi kabla ya kufariki, na kila mara alianza na salamu za dakika kumi, akafuata afya ya mifugo, ndipo akafika kwenye jambo alilotaka kusema, si lazima liwe lile aliloulizwa.

"Ruka mbele, Mwalimu," Aluoch alishauri baada ya nusu saa. "Bonyeza hapa, unaona, unaruka hadi katikati."

Mwalimu aliuondoa mkono wa Aluoch kwenye kipanya, taratibu. "Mzee anaongea."

"Lakini amekuwa kwa mbuzi dakika ishirini."

"Na kama hajamaliza mbuzi?"

"Mwalimu, Kogo alishaaga."

"Ndiyo maana. Huyo hawezi kurudia tena."

Hapo ndipo Aluoch alipoelewa ukubwa wa alichofanya. Mwalimu Kipkurui hakuwahi kumkatiza mzee maishani mwake, na hakuwa na mpango wa kuanza sasa kwa sababu mzee huyo amehamia ndani ya kompyuta. Kufikia jioni alikuwa amesikiliza rekodi tatu, mwanzo hadi mwisho, mara nyingine akiitikia kwa sauti. Alijifunza mengi kuhusu mbuzi. Kwa mwendo huo angempata arap Ng'eno katikati ya Septemba.

*

Ijumaa mchana Chepchirchir alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, akimenya viazi vya wageni ambao huenda wasivile. Aluoch alikaa karibu naye akimenya pia. Chepchirchir ndiye aliyemsuka nywele kila likizo, na ndiye aliyemtumia parachichi shuleni zikiwa zimefungwa kwenye gazeti ili zisipondeke.

"Dada, wakikataa mtafanya nini?"

"Si kukataa." Chepchirchir alikigeuza kiazi mkononi. "Wakisema ni ndugu yangu, basi ni ndugu yangu. Nitamsalimia kama ndugu mpaka nizeeke. Tukutane mazishini, tuulizane watoto hawajambo."

Alisema hivyo bila machozi, akaendelea kumenya. Aluoch angependa zaidi kama angelia.

"Baba anasema angejua tu hiyo mvua ilikuwa lini angempata Kogo," Chepchirchir aliongeza. "Si kompyuta inaonyesha kila rekodi ilifanywa tarehe gani?"

"Inaonyesha."

"Nimeuliza watu. Mmoja anasema ilikuwa mwezi wa tatu. Mwingine anasema hapana, ni mwaka ule mwingine kabisa. Wote wanakumbuka tu iliua bata wa jirani."

Dorcus alikuwa akipita na ndoo ya maji. Akasimama.

"Mvua gani ya mawe? Ile ya miaka miwili iliyopita? Si ndiyo ilivunja paa za shule yao! Huyu alirudi nyumbani siku hiyohiyo na sanduku lake, akakaa wiki mbili wakingojea mabati. Alikuwa kidato cha kwanza. Aluoch, si mlipewa barua ya kufungwa kwa shule? Barua ina tarehe. Iko wapi?"

"Nafikiri ililiwa na panya, mama."

"Panya wa shule ama wa hapa?"

"Wa huko."

"Tafuta vizuri," mama yake alisema, akaenda na ndoo yake.

Sasa inabidi ukweli fulani uelezwe, na utaelezwa haraka. Mvua ya mawe haikuvunja paa lolote la shule. Asubuhi hiyo ya kidato cha kwanza kulikuwa na tangazo ubaoni, limechapwa vizuri, lina muhuri uliochongwa kwa kiazi, likiwaamuru walimu wote kuhudhuria mbio za alfajiri pamoja na wanafunzi kwa ajili ya afya zao. Walimu watatu walifika. Mmoja, wa somo la dini, alifika na kaptura. Kabla ya saa nne mwandishi wa tangazo alikuwa amejulikana, na kabla ya saa sita alikuwa barabarani na sanduku lake na barua ya kusimamishwa masomo wiki mbili. Barua hiyo haikuliwa na panya. Ilikuwa chini ya karatasi iliyotandikwa ndani ya sanduku, hapo hapo chini ya kitanda.

Kuna jambo lingine. Mawe ya mvua yalimkuta Aluoch akiingia bomani, naye akakimbilia mlango uliokuwa karibu, ambao ulikuwa wa Mwalimu. Ndani kulikuwa na Kogo Tapkigen, amejifunika shuka, akizungumza. Mezani kulikuwa na simu.

Aluoch alikuwa kwenye rekodi hiyo. Alikumbuka vizuri sana alichosema.

Mwalimu alipopeleka majani ya jioni, Aluoch aliitoa barua, akasoma tarehe, akafungua mabweni. Katika Bweni la Kusini, kitanda cha sitini na moja, alilala *Sauti 0231*, aliyezaliwa siku ileile. Aliweka vidude masikioni. Yeye aliruka mbele, Mungu amsamehe. Dakika ya arobaini na moja akasikia mawe yakigonga mabati, mlango ukifunguliwa, na sauti yake mwenyewe, nyembamba na ya uoga.

Kukata sehemu hiyo kungechukua dakika mbili. Anajua kukata sauti. Alifundishwa, na alipata A. Chagua mwanzo, chagua mwisho, futa. Mvua ingebaki, Kogo angebaki, arap Ng'eno angebaki, na Aluoch angeondoka kimya kama alivyoingia. Aliweka kidole tayari, akasikiliza mahali pa kukata paanze na paishe. Kipsigis chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha. Alisikiliza mara moja. Akasikiliza tena. Kisha akaondoa kidole.

Haikukatika. Si kwamba kompyuta ilishindwa. Maneno ya Kogo yalikuwa yameshikana na yake kama nywele zilizosukwa pamoja.

Mwalimu aliporudi alimkuta amekaa barazani, mikono magotini.

"Nimempata, Mwalimu. Bweni la Kusini. Sauti 0231."

"Umejuaje tarehe?"

"Kuna barua."

Mwalimu alishusha kikapu. "Na unajua kilicho ndani?"

"Najua."

"Umekata kitu?"

"Hapana."

"Basi kesho vaa sweta safi," Mwalimu alisema. "Utakuwa mbele ya watu."

*

Jumamosi saa nne wageni walikuwa wamejaa sebuleni. Mzee Chepyegon alikaa karibu na kompyuta, kofia gotini, uso wake wa mtu aliyekuja kuvunja kitu na hapendi kukivunja. Antony alikaa nyuma yake akitazama sakafu. Chepchirchir hakuonekana, lakini pazia la jikoni lilikuwa na miguu chini yake. Dorcus, aliyekuja kusaidia, alizunguka na chupa ya chai.

Mwalimu akabonyeza.

Wote walisikiliza salamu. Walisikiliza ng'ombe, kisha mbuzi. Hakuna aliyekohoa wala kuomba iharakishwe; Mzee Chepyegon alitikisa kichwa mara kwa mara, maana mbuzi mmoja aliyetajwa alikuwa wa babake. Dakika arobaini zilipita hivyo. Aluoch, kwenye kona yake, ndiye mtu pekee nchini Kenya aliyetamani mbuzi wale wasiishe.

Kisha mawe yakaanza kupiga mabati ndani ya kompyuta. Mlango ukalia. Sauti ya Mwalimu ikasema, kwa Kiswahili, "Uui, wewe! Ingia, utavunjwa kichwa. Shule imefungwa?"

Na sauti nyingine, nyembamba, ikajibu: "Haijafungwa, Mwalimu. Nimefukuzwa wiki mbili. Niliandika tangazo la uongo. Tafadhali usimwambie mama, nitamwambia paa zimevunjika."

Chupa ya chai ikasimama hewani.

Kogo Tapkigen, ambaye pia hakukatizwa na mtu yeyote maishani mwake, akaendelea kwa Kipsigis. Aliuliza huyu mtoto aliyelowa ni wa nani. Akaambiwa ni wa yule mama wa ziwani, mpangaji. Akacheka. "Kumbe! Analala kwa boma yako, anakula kwa sahani yako, na bado si wa ukoo wako, siyo? Basi ni kama yule arap Ng'eno. Alitoka Londiani akiwa mdogo, mvua kama hii, akaingia kwetu akitetemeka. Tukamweka. Alichunga ng'ombe wetu miaka saba. Watu wakazoea kusema ni wetu. Lakini baba alikuwa mkali, alisema huyu ana ukoo wake, siku moja watamtafuta, msimfanyie sherehe ya kumwingiza. Na kweli, walikuja wakamchukua. Alitoka kwetu kama alivyoingia. Mpe huyo mtoto chai."

Rekodi iliendelea dakika kumi na tano zaidi, na wote wakasikiliza hadi mwisho, kwa kuwa hakuwa amemaliza.

Mzee Chepyegon akavaa kofia yake, akaivua tena. "Alihifadhiwa," alisema polepole. "Hakuingizwa. Nimesikia kwa masikio yangu, na huyo mama hakuwa mtu wa kudanganya." Akageuka kwa Antony. "Wewe, inua kichwa. Unatazama nini chini, umeangusha kitu?" Kisha akageukia pazia. "Na hiyo miguu ije itusalimie."

Miguu ilikuja. Yaliyofuata yalikuwa mema: mursik ilimiminwa, watu wakaanza kuongea wote pamoja, na Chepchirchir alipopita karibu na kona aliubana mkono wa Aluoch kwa nguvu hadi ukauma.

Dorcus alikuwa bado ameshika chupa.

"Aluoch."

"Naam, mama."

"Mabati."

"Ndio, mama."

"Nilinunua misumari. Nilikupa ubebe misumari, uipeleke shule."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa baya kuliko yote.

"Na ulirudi vipi?" mama yake aliuliza. "Mwanafunzi aliyesimamishwa hupokewa akiwa na mzazi. Nani alikupeleka?"

Aluoch alinyamaza, kwa sababu kuna watu ambao hata akikamatwa hawezi kuwataja. Kimya kikaenda hadi kilipomfikia Mwalimu Kipkurui, naye akaanza kuchunguza miwani yake kama aliyeipata njiani.

"Kule shule waliandika kwamba mimi ni babu," hatimaye alisema. "Mimi sikuandika. Niliulizwa, nikakohoa, wakaandika."

Dorcus aliwatazama wote wawili. Akammiminia Mwalimu chai. Akaruka kikombe cha Aluoch, akaenda kwa wageni.

*

Adhabu zilikuwa mbili. Ya mama yake haihitaji maelezo, inahusu kufua. Ya Mwalimu ilikuwa kuwatoa wazee mabwenini na kumrudisha kila mmoja nyumbani kwake. Kila alasiri ya likizo iliyobaki walikaa wawili mbele ya kompyuta. Rekodi ilichezwa, nzima, mbuzi na yote, na Mwalimu alifumba macho akasema: hii tulifanya ng'ombe wakirudi, nasikia kengele. Hii nilikuwa na homa, sikia nilivyokohoa. Aluoch akaiandika. Shule inafunguliwa kesho, na hadi sasa wamerudisha folda kumi na nne. Zilizobaki zinangoja Desemba.

Pia aliamriwa kuandika yote yaliyotokea, kwa Kiswahili sanifu, na kuyahifadhi katika folda yake yenyewe. Ndiyo haya.

Mwalimu aliyasoma jana, na kalamu nyekundu. Aliporudisha karatasi, kwenye ukurasa wa kwanza maneno "msichana mtulivu, mwenye nidhamu, anayependwa na walimu wake wote" yalikuwa yamezungushiwa duara, na pembeni kumeandikwa: *Huyu ni nani? Simjui.* Chini yake: *Na kwa nini mwandishi anajiita "yeye"? Amejificha wapi?*

Sawa. Aluoch ni mimi.

Lakini duara la pili ndilo lililoninyima usingizi. Lilikuwa pale niliposema stima ilipotea na pipa likamwagika. Mwalimu ameandika maneno matatu tu: *Stima haimwagi pipa.*

Haimwagi. Wala haikupotea siku hiyo. Nilimaliza kupanga mabweni yangu, nikayatazama, manne, yamenyooka, mia moja na tatu kila moja, nikayaona mazuri kweli. Nilidhani nimemsaidia. Nilidhani akizoea atanishukuru, na kwamba *Paka Amezaa* si jina la kitu chochote. Basi nikalimwaga pipa mwenyewe, kwa mkono wangu, na kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, nikasema ndio.

Haukuwa mzaha, Mwalimu. Mzaha ningeweza kuurudisha.

Folda hii nimeiita *Mawingu, Mama Hajanisemesha Tangu Asubuhi, Kuna Harufu ya Chapati*.